Kinyonga Akifumba Macho Mchana

Kinyonga mwenye afya hafumbi macho mchana. Usiku hulala fofofo, tumbo kaliegemeza kwenye tawi na mkia kaukunja, lakini kukicha macho yake huanza kuzunguka, kila moja likienda zake, na hayatulii mpaka giza liingie. Kwa hiyo mfugaji anayerudi kazini saa nane mchana akamkuta mnyama wake kafumba jicho, hata kwa dakika chache, asijiambie kwamba kachoka tu. Kinyonga wa namna hiyo ni mgonjwa, na inawezekana ameanza kuumwa wiki kadhaa zilizopita bila mtu kujua. Mnyama anayewindwa na nyoka na ndege hathubutu kujionyesha kuwa hoi, hivyo huficha maradhi. Akiacha kuyaficha, ujue nguvu zimemwishia.

Hapo ndipo mbio za simu huanza, na wengi ndipo hugundua jambo ambalo duka lililowauzia halikuwaambia: kliniki ya mtaani, ile inayochanja mbwa na kuhasi paka, haipokei kinyonga. Ya pili nayo haipokei. Ya tatu inasema daktari anayewajua wanyama hao huja Alhamisi. Leo Ijumaa.

Mwongozo huu unamlenga zaidi msomaji anayeishi Ulaya au Amerika Kaskazini, kwa sababu huko ndiko kinyonga anakofugwa sebuleni. Kwetu Afrika Mashariki wapo watu wanaomkimbia kuliko nyoka, wakimhesabu mkosi au mwenye sumu, ingawa sumu hana kabisa. Ajabu ni kwamba mmoja wa vinyonga maarufu zaidi katika matundu ya ughaibuni ni wa kwetu. Kinyonga wa Jackson, yule mwenye pembe tatu, asili yake ni nyanda za juu za Kenya, na jamaa zake wadogo wako Mlima Meru, Tanzania. Jina lake linatokana na Frederick Jackson, Mwingereza mpenda ndege aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Mwaka 1972 mwenye duka mmoja wa kisiwa cha Oahu, Hawaii, aliagiza vinyonga hao kadhaa kutoka Kenya. Walipofika wamekonda na hawana maji mwilini, aliwaachia bustanini wapate nafuu. Wakatawanyika, wakazaana, na hadi leo Hawaii ina vinyonga wa Mlima Kenya wasio na mwenyewe. Wengine wawili wanaofugwa sana ni kinyonga wa Yemen, mwenye kishungi kirefu kichwani, na kinyonga panther wa Madagaska.

Aina ni jambo la kulijua mapema, maana daktari atauliza. Kinyonga wa Yemen huvumilia joto, wa Jackson hupenda ubaridi wa milimani na hudhoofu akiwekwa kwenye joto la jangwani. Jike la Yemen hutaga mayai, la Jackson huzaa watoto hai. Hata miaka inatofautiana: dume la Yemen likitunzwa vizuri hufika miaka mitano hadi minane, ilhali kuna kinyonga wa Labord huko Madagaska ambaye tangu aanguliwe mpaka afe hupita miezi minne au mitano tu. Daktari anayetoa ushauri uleule kwa wote hao hajawasoma.

Kumtafuta kabla hajahitajika

Wakati mzuri wa kumtafuta daktari ni wiki ile ile kinyonga anapofika nyumbani. Anayeanza kutafuta usiku wa dharura hupata yule aliye wazi tu, na aliye wazi huenda hajawahi kumshika kinyonga maishani.

Kisheria, Marekani na Uingereza, daktari yeyote wa wanyama aliyesajiliwa anaruhusiwa kumtibu kinyonga. Tatizo ni uzoefu. Vyuo hufundisha zaidi ng'ombe, farasi, mbwa na paka, na anayetaka kuwajua reptilia hujiongezea mwenyewe baada ya shahada. Ndiyo maana pa kuanzia ni kwenye vyama vya waliojiongezea. Kikubwa kati yavyo ni ARAV, chama cha kimataifa cha madaktari wa reptilia na amfibia kilichoanzishwa mwaka 1991. Tovuti yake ina orodha ya wanachama inayotafutika kwa nchi na jimbo. Kuwa mwanachama si cheti cha ubingwa, kwani ada hulipwa na anayetaka, lakini daktari anayelipa ada ya kusoma habari za mijusi ana hamu ya kuwajua, na hamu hiyo ni mwanzo mzuri.

Ubingwa wenyewe hutolewa na vyombo vingine. Marekani kuna ABVP, bodi inayowatahini madaktari katika fani mbalimbali, mojawapo ikiwa tiba ya reptilia na amfibia. Ulaya kuna ECZM, chuo cha tiba ya wanyama wa aina zote zisizo za kawaida, chenye tawi lake la reptilia. Mabingwa hao ni wachache, na anayeishi mji mdogo asitegemee kumkuta mmoja jirani. Uingereza, orodha ya RCVS, chombo kinachosajili madaktari wote wa wanyama nchini humo, humwezesha mtu kutafuta kliniki zinazopokea reptilia katika eneo lake.

Hospitali za vyuo vikuu husahauliwa sana, nazo ni hazina. Chuo cha UC Davis huko California, Cornell jimboni New York na Chuo Kikuu cha Georgia vyote vina idara zinazotibu wanyama wa kufugwa wasio wa kawaida. Chuo cha Royal Veterinary College kina kliniki ya aina hiyo London, na Edinburgh nako ipo. Foleni ni ndefu na wanafunzi watamzunguka mgonjwa, lakini vifaa vipo, na daktari mkuu huwa amewaona vinyonga wengi kuliko kliniki kumi za mtaani zikijumlishwa.

Kuna njia nyingine isiyo rasmi inayofaa: kuwauliza wanaozalisha vinyonga mkoani humo, au wahudumu wa bustani ya wanyama iliyo karibu, wao humpeleka nani. Duka la wanyama liulizwe mwisho. Duka lina bidhaa za kuuza.

Simu ya dakika tano

Jina likishapatikana, apigiwe simu kabla ya kuweka miadi. Swali la "mnatibu reptilia?" halisaidii, kwa kuwa mapokezi watajibu ndiyo wakimfikiria kobe wa jana. Mfugaji aulize daktari huona vinyonga wangapi kwa mwezi. Akiambiwa wawili watatu, hilo ni jibu zuri. Akiambiwa "huwa tunaona iguana," aendelee kuuliza, maana iguana hula majani na kinyonga hula wadudu, na maradhi yao hayalingani.

Aulize kama kuna mizani inayosoma gramu moja moja. Kinyonga mkubwa wa Yemen huenda asifike gramu 200, na dozi ya dawa hukokotolewa kwa uzito. Kliniki inayompima kwa mizani ya mbwa inakisia. Aulize kama kinyesi huchunguzwa kwa darubini palepale, na kama picha ya eksirei ya mnyama mdogo kiasi hicho inawezekana. Aulize mgonjwa akilazwa huwekwa wapi. Jibu linalotakiwa ni chumba chenye joto na mwanga wa UVB, yaani miale ya urujuanimno kama ya jua, mbali na macho ya paka na kubweka kwa mbwa. Kinyonga aliyewekwa akitazamana na paka usiku kucha hatapona hata apewe dawa gani.

La mwisho ni la dharura: usiku na sikukuu, zamu ni ya nani? Kliniki nyingi zinazotibu reptilia hufunga jioni kama ofisi. Mfugaji apate na jina la hospitali ya dharura inayokubali reptilia, aliandike karatasini, na karatasi aibandike kwenye tundu ambako hata mgeni aliyeachiwa nyumba ataiona.

Na kama hakuna kabisa daktari wa vinyonga ndani ya saa tano za gari? Basi atafutwe daktari mnyenyekevu. Yule anayesema "sijamtibu kinyonga, lakini nitampigia mtaalamu na kufuata ushauri wake" ana thamani kubwa kuliko anayejifanya anajua. Mabingwa wa hospitali za vyuo hupokea simu za madaktari wenzao na kuwaongoza hatua kwa hatua, na maabara hupokea sampuli kwa posta. Mfugaji anaweza kuliomba hilo waziwazi. Si matusi kumwuliza daktari kama yuko tayari kushauriana na mwenzake.

Mambo yasiyongoja miadi

Kuna dalili za kupeleka siku hiyohiyo. Jike lililovimba tumbo, lililokuwa likihangaika na kuchimba huku na huko, kisha likakaa chini ya tundu kimya na macho yamefumbwa, huenda mayai yamekwama. Jike la Yemen hutaga hata bila kuona dume, na uzao mmoja huweza kuwa na mayai 20 hadi 70, kwa hiyo anayesema "wangu yuko peke yake, hawezi kuwa na mayai" anajidanganya. Jike likikosa mchanga wenye unyevu wa kina cha kutosha kuchimba, huyazuia, na likizuia sana hufa. Nyama nyekundu iliyotokeza chini ya mkia ni dharura nyingine. Ifunikwe kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ili isikauke, na safari ianze. Mtetemeko wa miguu na vidole ni upungufu wa kalsiamu uliofika kwenye misuli. Kuungua kwa taa, kuanguka kutoka juu, na kushindwa kurudisha ulimi kinywani ni vya siku hiyohiyo vilevile.

Kukaa mdomo wazi kunahitaji kutazamwa vizuri kidogo. Kinyonga aliyeota taa sana hufungua mdomo kujipoza, na joto likipunguzwa hufunga. Anayekaa mdomo wazi mbali na taa, kainua kichwa juu, na anapopumua husikika mlio mdogo wa kupasuka, huyo mapafu yana maambukizi. Sikio liwekwe karibu na tundu usiku nyumba ikiwa kimya. Mlio huo husikika.

Rangi humdanganya mfugaji kuliko dalili nyingine yoyote. Tangu mwaka 2015, kwa utafiti uliofanywa Geneva, inajulikana kwamba kinyonga hubadili rangi kwa kusogeza fuwele ndogo mno zilizo ndani ya seli za ngozi. Hubadili rangi akiwa na hasira, akitaka jike, akihisi baridi asubuhi, na akiugua pia. Weusi peke yake haumwambii mtu mengi. Weusi pamoja na macho yaliyotumbukia ndani na kukataa chakula, hapo kuna la kusikiliza.

Wakati wa kusubiri miadi, la kufanya ni dogo kuliko watu wanavyotaka. Joto la tundu liwe sahihi kwa aina yake, majani yanyunyiziwe maji mara nyingi zaidi, watu wapunguze kupitapita mbele yake. Asilazimishwe kula. Kinyonga aliyepoa na kukauka mwili hawezi kusaga chakula, nacho humwozea tumboni. Dawa za watu zisiguswe. Wala dawa za mifugo za dukani: ivermectin, ambayo mfugaji wa ng'ombe anaijua vizuri, huua kobe kwa dozi ya kawaida, na kwa vinyonga haitakiwi kuchezewa na asiyejua kipimo.

Vya kubeba

Daktari mzuri wa vinyonga hutumia nusu ya muda wake kuuliza habari za tundu, kwani sehemu kubwa ya maradhi ya kinyonga huanzia humo. Mfugaji anayefika na majibu tayari huokoa fedha na muda. Apige picha tundu lote, kisha kila taa kwa karibu, maandishi ya kwenye balbu yasomeke. Tarehe balbu ya UVB iliponunuliwa ni muhimu kuliko bei yake, kwa sababu mwanga huendelea kuonekana hata miale yenyewe ikiwa imedhoofu, na nyingi hutakiwa kubadilishwa baada ya miezi sita hadi 12. Kama kati ya taa na mnyama kuna kioo, hilo lisemwe pia: kioo huzuia sehemu kubwa ya miale hiyo. Wapo wanaoweka tundu dirishani wakidhani jua la dirishani latosha. Halitoshi.

Chupa za unga wa kalsiamu na vitamini zipigwe picha mbele na nyuma. Iandikwe anakula nini, nyenje au mende, wangapi kwa wiki, na wadudu wenyewe wanalishwa nini. Kinyesi kibichi cha siku hiyo kiwekwe kwenye mfuko unaofungika na kuhifadhiwa kwenye friji, si kwenye friza. Humo daktari atatazama mayai ya minyoo, na pia ile sehemu nyeupe ambayo ndiyo mkojo wa reptilia. Ikiwa njano iliyokolea au ya rangi ya chungwa, mnyama hana maji ya kutosha, na figo zake ziko mashakani.

Mwenye bahati ni yule aliyekuwa akimpima kila wiki kwa mizani ya jikoni, tawi dogo likiwa juu ya sahani, na kuandika gramu kwenye daftari. Ukurasa mmoja wa daftari hilo humwambia daktari kilichotokea tangu lini. Aliyepungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake bila sababu alipaswa kuonwa tayari.

Kwa safari, boksi dogo lenye matundu ya hewa linatosha, ndani tawi au kitambaa cha kushika. Gizani hutulia. Wakati wa baridi kali gari lipashwe joto kabla ya kumtoa nje, na mfuko wa joto usimguse mwilini. Kwenye chumba cha kungojea, boksi liwekwe mapajani, limefunikwa, upande usio na mbwa.

Chumbani kwa daktari

Kuna vitu vidogo vinavyomtambulisha anayejua. Humtazama kwanza kinyonga akiwa juu ya tawi kabla ya kumgusa: anavyoshika, anavyofuatisha kidole kwa macho, kama miguu imenyooka. Kisha humwacha apande mkononi mwenyewe. Kinyonga dhaifu hushika hovyo. Wakati mwingine hujikamata mguu wake mwenyewe akidhani ni tawi, na daktari akiliona hilo tu hujua mifupa na misuli inataka kuchunguzwa. Hulibonyeza taya kwa upole. Taya la mzima ni gumu. La mwenye upungufu wa kalsiamu hubonyea.

Ugonjwa huo wa mifupa ndio unaowapata vinyonga wengi wa kufugwa. Kalsiamu ikikosekana kwenye chakula, au ikiwepo bila UVB ya kuusaidia mwili kutengeneza vitamini D3, mwili huanza kuila mifupa yake wenyewe ili misuli na moyo viendelee. Miguu hupinda, mbavu huvunjika, ulimi huanza kumkosa nyenje aliye karibu kabisa. Eksirei huonyesha mifupa iliyofifia, karibu rangi moja na nyama. Mgonjwa hupewa kalsiamu ya maji kwa mdomo kwa wiki nyingi, taa hubadilishwa, na kama ni mapema hupata nguvu tena, ingawa mguu uliopinda hubaki umepinda.

Uvimbe wa taya au wa mguu una hadithi yake. Usaha wa reptilia hauchuruziki kama wa binadamu. Ni mgumu, kama jibini kavu. Ndiyo sababu viuavijasumu peke yake havimalizi kazi: hauna pa kutokea, na dawa haipenyi ndani. Unahitaji kupasuliwa na kukwanguliwa chini ya usingizi. Daktari anayetoa vidonge kwa jipu la kinyonga na kumwambia mwenyewe arudi baada ya mwezi aulizwe kwa nini.

Damu nayo huweza kuchukuliwa, kwa kawaida kwenye mshipa wa chini ya mkia. Kinyonga wa gramu 100 hatakiwi kutolewa zaidi ya takribani mililita moja, na mgonjwa hutolewa chini ya hapo. Kwa hiyo vipimo huchaguliwa. Daktari aombwe aeleze kila kipimo kitabadilisha nini katika matibabu. Kisichobadilisha kitu kinaweza kungoja. Na anayefungua mlango, akamdunga vitamini bila kuuliza habari ya taa wala chakula, huyo asirudiwe. Vitamini A inayozidi huua kama inavyoua iliyopungua.

Mara nyingi matibabu huendelea nyumbani, na hapa ndipo wafugaji huingiwa na hofu. Kwa maambukizi ya mapafu, dawa inayopendwa ni ceftazidime, inayodungwa kwa kuachanisha siku, kwa sababu mwili wa reptilia huiondoa polepole. Kliniki huweza kumpa mfugaji sindano ndogo zilizojazwa tayari, azihifadhi kwenye friza na kuyeyusha moja moja kiganjani. Huchomwa mguu wa mbele, au misuli ya bega, kwa kuwa damu ya nusu ya nyuma ya mwili huweza kupitia figo kwanza, na madaktari wengi hawapendi dawa ipite huko. Mfugaji asitoke kliniki kabla hajachoma sindano ya kwanza mwenyewe mbele ya muuguzi. Ni haki yake, na ni dakika tatu tu.

Marekani karibu dawa zote anazopewa kinyonga hazikusajiliwa kwa ajili ya reptilia. Sheria ya mwaka 1994 iitwayo AMDUCA humruhusu daktari kuzitumia hata hivyo, mradi anamfahamu mnyama na mwenye mnyama. Ndiyo maana daktari wa kwenye video asiyewahi kumwona mgonjwa kwa macho mara nyingi hukataa kuandika dawa.

Sasa fedha. Miadi moja pamoja na vipimo huweza kuzidi mara kadhaa bei aliyonunuliwa kinyonga, na jamaa wa nyumbani wakisikia watauliza kama kwa pesa hizo asingenunuliwa mbuzi. Swali lina uzito wake, lakini aliyemweka mnyama ndani ya tundu ndiye aliyemnyima njia ya kujitafutia jua na maji. Makadirio yaombwe kwa maandishi kabla ya kuanza, na daktari aambiwe wazi kiasi kilichopo. Mara nyingi kuna njia mbili, ya kamili na ya lazima. Marekani kampuni ya Nationwide huuza bima ya wanyama wa aina hii, ila bima hukatwa mnyama akiwa mzima.

Familia yenye watoto wadogo iulize pia habari za salmonella, bakteria anayebebwa na reptilia wengi bila wao kuugua. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, vyombo vyake visioshewe kwenye sinki la jikoni, na mtoto wa chini ya miaka mitano asimshike.

Kwa aliye Nairobi, Arusha au Kampala

Huku kwetu habari inaanza na sheria. Nchini Kenya, kwa sheria ya mwaka 2013, na Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2009, kinyonga ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Kimataifa, karibu vinyonga wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na makaratasi ya alikotoka ndiyo humlinda anayemfuga Ulaya. Kwa tiba, yana faida nyingine: aliyekamatwa porini huja na minyoo ya kila aina, na daktari akijua hilo huanza na kinyesi.

Anayemkuta kinyonga kagongwa na pikipiki au kajeruhiwa na paka uani hana haja ya kumfuga ili amsaidie. Amweke kwenye boksi kivulini, asimpe chakula, aarifu shirika la wanyamapori, KWS, akiwa Kenya, au mamlaka ya wanyamapori, TAWA, na ofisi ya wanyamapori ya wilaya akiwa Tanzania. Kwa matibabu, penye wataalamu wa kuuliza ni vyuo: Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Sokoine huko Morogoro, na Makerere jijini Kampala. Daktari wa ng'ombe wa kijijini asidharauliwe pia. Akipigiwa simu na kuelezwa uzito kwa gramu, atajua kuosha kidonda na nani wa kumwuliza dozi.

Mgonjwa akishindikana

Wapo wasiopona, hasa wenye figo zilizoharibika. Daktari akishauri apumzishwe, hufanyiwa hivyo kwa dawa ya usingizi kwanza, kisha ya kusimamisha moyo. Ushauri wa zamani wa kumweka kwenye friza akiwa hai ukataliwe. AVMA, chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani, hakiutambui kuwa njia ya utu. Akifia nyumbani na kuna vinyonga wengine, mwili ufanyiwe uchunguzi, maana ugonjwa ulioua mmoja huweza kuwa kwenye taa au chakula cha wote. Ulowanishwe kidogo, ufungwe kwenye mifuko miwili, uwekwe kwenye friji na si kwenye friza, kwani barafu huharibu tishu ambazo maabara inataka kuzisoma. Ufikishwe ndani ya siku moja, pamoja na daftari la uzito na zile picha za taa. Na mfuko uandikwe jina kwa herufi kubwa, kwa ajili ya yeyote atakayefungua friji hiyo kutafuta maziwa ya chai.